Kombe Likiisha, Tunahama

Harufu ya udaga haina adabu, haipigi hodi. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Geita nachambua mchicha, mpangaji mwenzangu akaanza kuchekecha unga wake upande wa pili wa ua, na kabla sijajua kilichonipata nikawa nacheka peke yangu. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nimemkumbuka golikipa mmoja. Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea kuchekecha.

Kwa asiyeujua, udaga ni unga wa muhogo uliovundikwa kwanza mpaka ukachachuka, ndipo ukaanikwa na kutwangwa. Mtu wa pwani ukimwekea ugali wake mezani atanusa mara mbili, kisha atauliza kwa upole kama hakuna kitu kimeoza. Sisi tuliokulia Kahama, kule Nyasubi, tukiukosa siku tatu tunasema hatujala.

Golikipa huyo alikuwa baba yangu, na timu yake iliitwa Sisimizi. Ilikuwa timu ya wasaga mawe. Karibu wachezaji wote walishinda kwenye makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga, na jioni walifika mazoezini weupe kuanzia kope hadi kucha. Walicheza ligi ya mkoa, na humo ndani hawakumtisha mtu. Ila kulikuwa na lile kombe ambalo hata timu ya mtaani inaweza kupangwa na timu ya ligi kuu, na kwenye kombe hilo Sisimizi walikuwa na historia. Zamani, kabla sijazaliwa, walikuwa wamewatoa wakubwa wawili watatu, na watu wa Nyasubi walihesabia miaka yao hapo. Mama mmoja jirani yetu, ukimuuliza mwanawe ana umri gani, alikujibu kuwa alizaliwa mwaka ule Sisimizi walipowaliza wale wa Mwanza.

Aliyeitunza historia hiyo ni kocha, Mzee Salehe, muuza vipuri vya baiskeli. Babu yake alikuja huku akitokea pwani na mzigo wa nguo, akaoa, akasahau kurudi. Mzee Salehe alikuwa mtu wa kofia safi na maneno mengi. Ukienda dukani kwake kununua tyubu, unatoka na tyubu moja na mechi tatu. Lakini zote zilikuwa mechi za zamani. Miaka ile ninayoisimulia, Sisimizi walikuwa wakitolewa mapema mno, na watu walikwisha kuzoea.

Ndiyo maana mama alikubali ule mkataba bila wasiwasi.

Mama alikuwa hampendi karasha. Kila usiku baba alikohoa, na kila asubuhi mama alikung'uta shuka lake nje, vumbi likaruka, akasema vumbi hilo ndilo lililomo kifuani mwa baba. Kwao ni Ushetu, kwenye tumbaku, na mjomba alikuwa amekwisha kututafutia shamba na nyumba ya vyumba viwili. Alichobaki nacho mama ni kumtoa Nyasubi mtu mwenye kichwa kigumu. Jioni moja akamwekea chakula, akakaa mbele yake, akamwambia wazi kwamba safari hii hasubiri tena. Baba akala matonge mawili. Kisha akasema, "Mama Kabula, niache nimalize kombe. Tukitolewa tu, tunahama."

Mama akapiga hesabu kichwani. Wiki mbili hizo, zikizidi sana. Akasema sawa, na kesho yake akaanza kufunga vyombo.

Mimi ndiye Kabula. Nilikuwa darasa la tatu, na mkataba ule niliusikia kutoka nyuma ya pazia. Ushetu nilikuwa nakujua kwa likizo. Nilijua majani ya tumbaku yanayonata vidoleni hata uoshe na mchanga, nilijua moshi wa mabani ya kukaushia, na nilijua kwamba shule iko mbali kiasi cha kufika umekwisha kuchoka. Na nani angecheza rede na Zawadi wangu, binti wa nyumba ya pili, ambaye bila mimi alikuwa hajui hata kurusha? Nililia usiku ule, nikameza kilio mtoto wa watu nisisikike.

Hapo ndipo nilipoanza kukitazama vizuri kifuko cha baba.

Kilikuwa kifuko cha kitambaa, kipande cha kitenge cha mama kilichochakaa, kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Baba alikiweka juu kabisa ya kabati na hakuruhusu mtu akiguse. Siku ya mechi alikiteremsha, akakichomeka ndani ya soksi, akaivuta soksi juu. Mara moja nilimfuata nyuma ya nyumba nikamwona amenipa mgongo, anamimina unga mweupe kiganjani, anajipaka, anapuliza. Nikaenda mbio kwa Zawadi. Zawadi, ambaye alijua kila kitu na alikosea karibu kila kitu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba makipa wote wana dawa, na kwamba ndiyo maana baba yangu anaitwa Komeo.

Mtihani huo. Jumapili mwalimu wetu wa kanisani alikuwa ametufundisha kwamba nyumba yenye dawa Mungu huipita pembeni. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Kumbe baba ameficha dawa juu ya kabati lilelile lenye Biblia! Nilifikiri siku nzima, kisha nikapiga magoti nikamwomba Mungu afumbe macho kidogo tu, mpaka kombe liishe, ndipo ayafumbue.

Nikaona kama amenisikia. Mechi ya kwanza walikuja timu ya Shinyanga mjini, vijana wa Kambarage wenye jezi mpya na ngoma mbili. Wakafungwa moja bila. Nyumbani mama alikuwa amekwisha kulifunga sufuria kubwa ndani ya gunia, na wageni wa kumpongeza baba walipojaa uani ikabidi alifungue awapikie. Mechi ya pili walikuja timu ya daraja la kwanza kutoka huku Geita, watu wa miraba minne, beki wao mmoja alipanda lori kutafuta kiatu kinachomtosha. Wakafungwa mbili kwa moja. Sufuria likafunguliwa tena. Mama akanung'unika kwamba atazeeka akifunga na kufungua gunia moja, lakini nilimwona akigeukia ukutani, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Kisha ratiba ikatoka, na Sisimizi wakapangwa na timu ya ligi kuu, kutoka pwani, mechi ichezwe nyumbani kwetu.

Nyasubi haikulala. Wiki nzima watu walipaka chokaa, walifyeka majani, walizungusha kamba kwenye uwanja wetu usio na jukwaa. Mzee Salehe alifunga duka siku tatu, jambo ambalo hakulifanya hata alipomwoza binti yake. Wachezaji walikaa kambini nyumbani kwake, maana yake walilala sebuleni kwenye mikeka, na mkewe akawapikia pilau mpaka mshambuliaji wetu akaonywa kuhusu tumbo.

Asubuhi ya mechi baba alimtuma mtu aje nyumbani kuchukua vitu vyake. Mama akaniagiza nivikusanye: viatu, bukta, soksi, kifuko. Nikapanda kiti, nikakishika kifuko kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nikajiambia nitachungulia tu. Kamba ikafunguka upesi kuliko nilivyotaka, kiti kikayumba, na unga wote ukamwagika sakafuni, kwenye ile sakafu yetu ya udongo ambayo mama alikuwa ameimwagia maji muda uleule akifagia. Ukalowa. Nikajaribu kuukwangua kwa kucha nikapata tope.

Nje mjumbe wa baba alikuwa anaita, "Kabula, vipi, nichelewe?"

Mtoto aliyekosa hana akili nyingi, ana haraka tu. Nikakimbilia jikoni, nikafunua ndoo ya unga, nikachota udaga kwa mkono, nikajaza kifuko, nikafunga kamba mafundo matatu. Ukiutazama haraka rangi ni ileile. Nikampa mjumbe vitu vyote bila kumtazama usoni. Kisha nikaenda kukaa chooni muda mrefu, nikijua kwamba dawa ya baba imekwisha, kwamba Sisimizi watatolewa leo, na kwamba tumbaku ya Ushetu imenishika mkono.

Uwanjani siku ile hata mtu wa kuchelewa dakika tano alikosa pa kusimama. Mama, ambaye hakuwahi kwenda mpirani, alikuja. Alisema anakwenda kuaga. Tukasimama nyuma ya kamba, karibu na goli. Basi la wageni likafika, kubwa, lenye vioo vyeusi, na wachezaji hawakuteremka. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa tayari, darasa la shule limefagiwa na kupangwa viti, lakini wakakikataa. Walivaa ndani ya basi, wakaingia uwanjani kwa kuruka kamba upande usio na njia, na nahodha wao akaingia kinyumenyume. Huko kwao walikuwa wameambiwa kuwa huku kwetu kila njia imetegwa. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona wanahangaika bure. Dawa waliyokuwa wanaiogopa ilikuwa tope nyumbani kwetu.

Sitaisimulia mechi yote, maana Mzee Salehe peke yake ndiye aliyekuwa na haki hiyo. Niseme tu kwamba mpira ulikuwa upande wetu dakika tisini. Baba alirukia kulia, akarukia kushoto, akaupangua mmoja kwa goti, mwingine ukagonga mtambaa wa panya, na alikuwa na kazi nyingi kiasi cha kutokumbuka soksi yake. Filimbi ya mwisho ikalia bila kwa bila. Penalti.

Wetu wakapiga tano, nne zikaingia. Wao wakapiga nne, tatu zikaingia. Imebaki moja. Akiingiza, mchezo unaendelea. Akikosa, Sisimizi wamemtoa mtu wa ligi kuu. Mpigaji alikuwa yule nahodha wa kinyumenyume.

Baba akafuta viganja kwenye bukta. Akafuta tena. Kisha akainama, akaishika soksi.

Nikapiga ukelele. Niliita baba, nikamwambia asikifungue, lakini uwanja mzima ulikuwa unaimba. Nikapita chini ya kamba. Mama akanidaka kwa gauni, akanigeuza, akaniuliza nina wazimu gani. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikilia: nimemwaga dawa ya baba, imelowa, nimeweka udaga, tutafungwa, twende tu Ushetu.

Mama akaniangalia. "Dawa gani?"

"Ya kwenye kifuko."

"Wewe mtoto," alisema taratibu, "ule ni unga wa mawe. Baba yako anatoka jasho viganjani. Tangu ujana wake. Anaona aibu wenzake wakijua."

Basi. Komeo wa Nyasubi, mtu aliyeogopwa mkoa mzima, alikuwa anajipaka unga wa karasha mpira usimteleze. Hiyo ndiyo dawa iliyonifanya nimwombe Mungu afumbe macho. Sikupata hata nafasi ya kufurahi, kwa sababu pale golini baba alikuwa amekwisha kukifungua.

Alimimina kiganjani, akajipaka, akasimama. Kisha akanusa. Akaleta mikono yote miwili puani, akanusa tena, kwa kituo, kama mtu anayeonja mboga. Mabega yakaanza kutikisika. Akageuka kumkabili mpigaji, mikono myeupe, anacheka. Anacheka kweli, meno yote nje, machozi yanamtoka.

Nahodha akarudi nyuma hatua mbili. Akauacha mpira pale ulipo akaenda kwa mwamuzi, anaonyesha kwa kidole. Wenzake nao wakaja mbio. Hatukusikia kila kitu, ila neno uchawi lilitufikia. Mwamuzi, mtu mfupi wa hukuhuku, akamfuata baba, akanyoosha mkono, akapewa kifuko. Uwanja ukanyamaza. Akafungua, akaingiza pua. Akainua uso akamtazama baba, kisha akawageukia wale wageni, na kwa sababu ya ule ukimya tulimsikia sote.

"Udaga huu," alisema. "Ugali hauna kosa. Piga mpira."

Huenda angemwambia ni dawa nahodha angepata nafuu, maana dawa alikuwa na yake ya kuizuia. Lakini hakuna aliyemwandaa kwa kipa anayenusa ugali na kucheka. Akaurudia mpira. Akatazama goli, akamtazama baba, ambaye alikuwa bado anajifuta machozi kwa bega. Akapiga. Mpira ukapaa juu ya goli, ukavuka watu, ukavuka barabara, ukaenda kuanguka sokoni kwenye fungu la nyanya, na mwenye nyanya baadaye alikataa kulipwa, akasema zile ni nyanya za historia.

Sijui niseme nini kuhusu kilichofuata. Vigelegele, vumbi, watu wazima wanagaagaa chini. Mzee Salehe alivua kofia yake safi akaikanyaga. Mama, aliyekuja kuaga, alipita chini ya ile kamba aliyonizuia nisipite, akakimbia mpaka golini na kanga imemwanguka, na sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akikimbia. Nilifurahi mpaka nikaumwa kichwa. Hadi leo, nikitaka kulala vizuri, naivuta picha ile kichwani.

Nyumbani, sufuria likafunguliwa mara ya tatu. Wageni walipopungua baba aliniita. Nikaenda nimeinamisha kichwa, nikasema shikamoo kana kwamba hatujaonana siku nzima. Akaitikia marahaba, akaniweka gotini, akaniuliza nani aliyeweka chakula kwenye silaha yake. Nikasema ni mimi. Nikangoja kofi.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, na baba alitumia Kisukuma akiwa na jambo la moyoni tu, "pale nilikuwa naogopa. Nilitaka hata kukojoa. Halafu nikasikia harufu ya nyumbani. Nikamwona mama yako anasonga ugali, na wewe umekaa unasubiri ukoko. Nikasema sasa mimi namwogopa nani? Mtu aliyekuja na basi?"

Akasema wabeja, ahsante, akanipa mguu wa kuku.

Raundi iliyofuata walikwenda ugenini wakapigwa tano. Tano! Baba alirudi ana furaha tele, akasema lile la nne lilikuwa zuri hata yeye alitaka kupiga makofi. Kisha akachukua koleo, akaanza kulegeza misumari ya kitanda. Ahadi ni deni, na alikuwa mtu wa ahadi. Nilisimama mlangoni nikatazama msumari wa kwanza ukitoka.

Lakini kulikuwa na jambo limetokea katikati hapo. Tangu ile penalti, watu walikuwa wanajaa dukani kwa Mzee Salehe kuisikiliza, na wakimkuta Komeo mwenyewe hapo wananunua hata wasichohitaji. Mzee Salehe, ambaye damu ya biashara haijamtoka, alikuwa amemwomba baba aache karasha, akae dukani aunge tyubu na kuonyesha watu alivyonusa. Baba alikuwa amekubali, hakuwa amemwambia mama kwa sababu ya mkataba. Mzee Salehe ndiye aliyemwambia.

Mama akaja akasimama pale kitandani. Akamwambia baba arudishe misumari. Baba akasema tumetolewa, na tulikubaliana kombe likiisha tunahama.

"Tulikubaliana," mama akajibu. "Sikusema kombe la mwaka gani."

Tulikaa Nyasubi. Kikohozi cha baba kiliisha taratibu, shuka zikawa shuka. Sisimizi wakawatoa wakubwa wengine wawili katika miaka iliyofuata, na mara zote mbili baba alinusa mikono golini, akijua sasa anachokifanya. Karasha alikuwa ameliacha, kwa hiyo unga wa mawe hakuwa nao tena. Kifuko sikujua nani anakijaza, na wala sikuuliza, maana nilikuwa nimekua, nina mambo yangu. Baba alitutoka miaka mitatu iliyopita, mzee, usingizini. Mzee Salehe alimtangulia.

Basi Jumamosi ile, mchicha ukiwa mapajani na harufu ya jirani imejaa ua, nikampigia mama simu. Nina miaka mitatu namsihi aje tukae naye hapa Geita, chumba kipo, wajukuu wanamwulizia, pale Nyasubi yuko peke yake. Akapokea huku anahema. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwuliza anafanya nini, akasema anatwanga. Nikarudia maneno yangu yale yale ya kila simu. Safari hii hakunikatalia. Akasema, "Nitakuja, mwanangu. Kombe likiisha."

Nilitaka kusema neno, nikasikia mlango wa kwao unagongwa, na sauti ya kijana inamwamkia kwa heshima. Mama akaniambia nikate simu, kipa amekuja kuchukua unga.

Nikakata. Sikumwuliza kombe la mwaka gani.